Vumbi la Chumba cha Faida

Ukishuka kituo cha Doonside ukauliza nyumba ya Mama Faida, utaonyeshwa ile ambayo mbele yake pameota lengalenga, mchicha wa kwao, mahali ambapo majirani wamepanda maua. Ukimuulizia Faida mwenyewe, watu watatabasamu kwanza. "Yule Mkorea?" watasema.

Faida si Mkorea. Alizaliwa Beni, mashariki ya Kongo, akafika Sydney akiwa mtoto wa miaka tisa, ameshikwa mkono na mama yake Marie-Jeanne, na mdogo wake Divine akiwa amefungwa mgongoni mwa mama. Amekulia hapa hapa, amesoma hapa hapa, ualimu kausomea hapa hapa. Halafu siku moja akaaga, akaenda kufundisha Kiingereza katika mji mdogo wa Korea uitwao Sangju, mji ambao kanisani kwao hakuna aliyekuwa amewahi kuusikia. Watu walishangaa. Mtu aliyekwisha kufika Australia, nchi ambayo wengine wanaiota kwenye kambi za wakimbizi usiku na mchana, anafuata nini kwenye milima ya Korea?

Jibu alikuwa nalo, ila halikuwa la kusemwa kwenye chai ya kanisa. Mara ya kwanza alipokuwa mgeni katika nchi ya watu, hakuulizwa. Alibebwa tu, kama jani linavyobebwa na mfereji wa mvua. Sasa alitaka kuwa mgeni kwa hiari yake mwenyewe, atue mahali ambapo hajui hata neno la kuombea chumvi, aone macho yake yatafunguka kiasi gani.

Yalifunguka, wee! Asubuhi ya kwanza aliamka akadhani milima imeondoka. Ukungu ulikuwa umeimeza yote, umebaki mti mmoja tu wenye matunda ya rangi ya chungwa, hauna jani hata moja, umesimama hewani kama umechorwa. Sakafu ya chumba ilikuwa na joto, maana wenzetu kule hupitisha moto chini ya sakafu, na Faida alilala chali akihisi kwamba ardhi yenyewe ina homa ya upole. Shuleni watoto walimzunguka. F ya jina lake iliwashinda, wakamwita Paida. "Paida sonsengnim!" waliimba wakimkimbilia, yaani mwalimu Paida, na kila mmoja akainama kwa heshima huku akichungulia kwa jicho moja kama nywele zake ni za kweli.

Alipenda yote hayo. Lakini mwaka mzima kulikuwa na kitu kimoja kilichomkaa kooni kama mwiba wa samaki: aliondoka bila mkono wa mama yake kichwani.

Katika ukoo wao mtu hafungi safari kubwa hivi hivi. Mzazi humwekea kiganja chote utosini, akaomba kwa Kinande, lugha ya kwao, kisha akapuliza kidogo pale pale utosini kama anayepoza chai. Ukishapulizwa, umefunguliwa njia. Siku ya safari ya Faida, Marie-Jeanne aliomba shifti ya ziada kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, akatoka alfajiri, akaacha mezani sahani ya viazi imefunikwa na sahani nyingine. Faida alingoja mpaka gari likapiga honi mara mbili. Utosi ulikuwa mtupu.

Sababu ilijulikana nyumbani ingawa haikusemwa. Baba yao, Patient Katembo, alikuwa mwalimu. Kila Jumatatu alipanda kwenda shule moja milimani, na kila Ijumaa alishuka. Jumatatu moja akapanda na chaki mfukoni mwa shati, vita vikapita kule, na Ijumaa haikumleta. Tangu hapo, mtu akitaja mwalimu na milima katika sentensi moja, masikio ya Marie-Jeanne hujifunga kama mlango uliopigwa na upepo.

Basi mwaka ukaisha, na Januari Faida akarudi Sydney. Kule aliacha theluji. Huku akakuta joto la kuyeyusha lami. Shule ya Sangju ilimtaka mwaka mmoja mwingine, na nusu ya vitu vyake aliviacha kwa bibi mwenye nyumba. Hakuwa amewajibu bado. Alikuwa amejiapiza ndani ya ndege, paji la uso limegusa kioo, mawingu yakipita chini kama kondoo waliolala: safari hii akikosa mkono wa mama kichwani, haendi. Atawashukuru, ataomba radhi, atatafuta kazi hapa hapa, na Sangju ibaki ndoto.

Divine ndiye aliyempokea uwanja wa ndege, na gari lenye kile kibandiko chekundu cha P kinachowaonya wengine kwamba dereva bado ni mpya. Nyumbani, Mama alimkumbatia mpaka begi likaanguka. Alilia, alicheka, alimshika mashavu, akamkalisha mbele ya bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo waliokaangwa wakakauka vizuri.

"Umekonda weye."

"Sijakonda, Mama. Nimeongezeka."

"Umeongezeka wapi? Kula. Ulikuwa unaugua? Ulikuwa unasali?"

Maswali yalikuwa mengi, na hakuna hata moja lililokuwa na Korea ndani yake. Utadhani Faida alikuwa ametoka dukani. Alipojaribu, "Kule Sangju, Mama, kuna—", Mama aliinuka kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Baadaye Mama alivaa sare ya kazi. "Lala kitanda yangu kwanza," alisema mlangoni. "Chumba chako nitaiangalia kesho, mi mwenyewe. Usiguse kitu." Akatoka.

Faida alilala kidogo, akaamka akiwa na hamu ya kuona vitu vyake. Akasukuma mlango wa chumba chake, na hapo akasimama.

Vumbi. Vumbi juu ya meza, laini na zito kama unga wa muhogo. Vumbi juu ya vitabu, juu ya mto, kwenye mabega ya koti lililobaki kwenye msumari. Glasi aliyonywea maji asubuhi ya safari ilikuwa pale pale dirishani, maji yameondoka yenyewe yakaacha duara jeupe. Kibanio cha nywele kilikuwa sakafuni pale kilipodondoka. Buibui mmoja alikuwa amefunga uzi kutoka taa hadi kabatini, na jua la mchana lilipita kwenye uzi ule taratibu, na kwa muda Faida alihisi anaangalia chumba cha mtu aliyekufa zamani, mtu ambaye hata yeye alimjua kidogo tu.

Na nyumba iliyobaki inang'aa! Mama yake ni mwanamke ambaye vumbi likimwona linajificha. Anafuta hadi juu ya friji, mahali ambapo hakuna mgeni atakayechungulia. Sasa inakuwaje chumba hiki kimoja? Mwaka mzima, hata mara moja? Faida aliona jibu, na lilimchoma. Mama amenifungia nje, alisema moyoni. Amenifunga pamoja na vitu vyangu.

Machozi yalitaka kuja, lakini mikono ilitangulia. Kule Sangju, kila siku baada ya chakula cha mchana, muziki hupigwa shuleni, na wanafunzi wote huinuka kushika mafagio na vitambaa. Hakuna mfagizi wa darasa. Darasa ni lako, uchafu ni wako. Siku yake ya kwanza Faida alichukua ufagio mfupi, akainama, akaanza kufagia vile alivyofundishwa Beni, mkono wa kushoto mgongoni, na darasa zima likanyamaza kumtazama. Kasichana kamoja kaitwako Haeun, kasikosema na mtu, kalikuja na kizoleo kakachuchumaa mbele yake kukingia takataka. Tangu hapo wakawa wawili, kila siku, ufagio na kizoleo, bila neno.

Basi akafanya hivyo hivyo. Alifungua dirisha, akafagia, akafuta, akakung'uta, akapiga deki. Vumbi liliinuka likazunguka ndani ya mwanga kama ule unga mweupe unaojitokeza kwenye yale matunda ya rangi ya chungwa ya Sangju yakishamenywa na kuanikwa. Lilikuwa zuri, kwa kweli. Alilikusanya lote, akalitupa kwenye pipa la nje.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa, maana kiangazi cha huku hakina haraka ya kulala, Mama aliporudi na viatu vya kazi mkononi. Alisimama kwenye mlango wa chumba. Akatazama sakafu inayong'aa. Akatazama dirisha.

"Nani alifagia humu?"

"Mimi, Mama."

"Nani alikuambia ufagie? Sikusema usiguse?"

"Sasa nani angefagia? Mwaka mzima, Mama! Hata glasi haikuondolewa. Nyumba yote inang'aa, chumba changu peke yake kama kaburi!"

Neno hilo lilipotoka, Mama alirudi nyuma hatua moja kama aliyemwagiwa maji.

"Vumbi uliitupa wapi?"

"Kwenye pipa. Ni vumbi tu, Mama."

"Njo vile," Mama alikubali. "Ni vumbi tu." Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango polepole, na ule upole ndio uliomuumiza Faida. Afadhali angeubamiza.

Divine alikuwa kwenye kochi, simu usoni. "Umeharibu," alisema kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, hata cha kunong'onwa jikoni, ila kukijibu ni mpaka awe anaumwa.

"Nimeharibu nini?"

"Sijui. Lakini umeharibu."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu nyingi mno. "Karibu chai." "Aksanti." "Kesho kutakuwa na joto." "Ndiyo, Mama." Faida alitembea humo kama anayeota ndoto ya nyumba yake mwenyewe: milango ni ile ile, harufu ni ile ile, lakini ukisema neno halifiki. Kutoka Sangju waliuliza kwa heshima nyingi kama mwalimu Paida ameamua. Aliomba siku chache.

Jumapili baada ya ibada akaja Nkatha, Mkenya wa Meru, nesi anayefanya kazi mahali pamoja na Mama. Nkatha haingii nyumba ya mtu kimya kimya.

"Mkorea! Umerudi wewe ama wametuma picha yako?"

"Nimerudi, Auntie."

"Na hujaniletea hata mume wa Kikorea?"

"Walikataa kupanda ndege."

"Walisikia habari zangu." Nkatha alicheka mpaka kiti kikalia, akajimiminia chai. "Sikia. Kuna shule Campbelltown inatafuta mwalimu. Binamu yangu anafunza huko. Ila hiyo treni, mami, utapanda, utalala, utaota, utaamka, na bado hujafika."

Mama aliinua macho. Yalikuwa na uhai ambao Faida hakuuona tangu siku aliyofika.

"Campbelltown ni karibu," Mama alisema.

"Karibu na nini, Mama Faida? Na Korea?"

"Karibu na mi."

Nkatha alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka kitambo. Faida alitazama mikono ya mama yake juu ya kitambaa cha meza, mikono iliyogeuza wazee wa watu vitandani miaka yote hii, na neno ndiyo likamfika kwenye meno. Ingekuwa rahisi. Angelisema, mama angecheka, nyumba ingepona.

"Nitafikiria, Auntie," alisema.

Jumamosi Mama aliwatuma Cabramatta yeye na Divine kununua samaki na sombe ya kugandishwa. Cabramatta siku ya soko ni kama mtu amemwaga dunia barabarani: bibi wa Kivietnamu wanauza majani kwenye ndoo, bata wanang'aa madirishani, mtu anakata muwa, mtu anaimba bei. Katika duka moja, kwenye rafu ya chini, Faida aliyaona. Matunda yaliyokaushwa, bapa kama masikio, yamevaa ule unga wao mweupe. Pakiti ilikuwa na maandishi ya Kikorea. Alichuchumaa pale pale kati ya mifuko ya mchele akainusa kupitia plastiki, na mara duka likajaa ukungu, kamba ndefu za matunda zinaning'inia kwenye mabanda, maelfu kwa maelfu, kila banda kama taa iliyowashwa ndani ya baridi.

"Yaya," Divine alimwita, yaani dada mkubwa, "unanusa plastiki. Watu wanatuangalia."

Aliyanunua.

Kwenye treni Divine alijibandika pakiti ya sombe iliyoganda shingoni, akafumba macho kwa raha. Faida alitazama mapaa yakipita. Walipobadilisha treni Blacktown na kukaa tena, akasema, "Wewe pia ungeweza kufagia. Ungenisaidia hata mara moja."

Divine alifumbua jicho moja. "Mbona unanigeukia mimi? Nilijaribu. Krismasi nilichukua mashine ya kufyonza vumbi. Nilipofika mlangoni kwako, Mama alinivuta mkono, nikaogopa. Akasema, 'Acha! Dada yako bado iko njiani.' Nikamwambia, Mama, njiani wapi? Amefika Korea zamani, ana nyumba, ana jiko la kupikia wali. Akasema, hapana, mpaka arudi ndani ya mlango huu, yuko njiani." Alihamisha sombe upande wa pili wa shingo. "Nilidhani amechoka na kazi. Nikarudisha mashine."

Faida aligeukia dirisha. Treni ilikuwa inayumba, na katika kule kuyumba sauti moja ilimjia kutoka mbali sana, kutoka uwanja wa udongo mwekundu wenye kuku. Bibi yake, mama wa baba, amekaa juu ya gogo akimkemea mtu: Usifagie nyuma ya msafiri. Acha mtu afike kwanza, arudi. Utazifagia na nyayo zake, akose njia ya kurudi.

Alikuwa ameisahau. Ilikuwa imelala ndani yake miaka yote hii, chini kabisa, na leo imeamka kwenye treni ya Doonside.

Mama alikuwa uani akichuma lengalenga, kitambaa kimefungwa kichwani, beseni kwenye nyasi. Faida aliweka yale matunda kwenye sahani, akaenda akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

"Mama, nisamehe. Nimefagia nyayo zangu mwenyewe."

Mkono wa Mama ulibaki kwenye jani. "Nani alikuambia?"

"Bibi. Nimemkumbuka."

Mama akaja akakaa kando yake, magoti yakilalamika. Akalivuta beseni karibu. Kisha Mama akaanza kusema, na alisema bila kumtazama, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwenye ukuta wa jirani.

"Ile Jumatatu baba yako alitoka, mi nikashika ufagio. Nilikuwa mwanamke wa haraka, unajua. Bibi yako akasema, 'Marie-Jeanne, subiri.' Nikamcheka. Nikafagia uwanja yote, mpaka kwenye njia, mpaka pale viatu vyake vilikuwa vimeandika kwenye udongo vikielekea mlima. Nikafagia na pale." Alijifuta udongo vidoleni. "Mi ni mutu wa kanisa. Najua Mungu haongozwi na ufagio. Mchungaji angenisikia angecheka. Lakini ile siku ulienda, nikarudi kazini, nikashika ufagio, mukono ikakataa. Kesho yake ikakataa tena. Nikasema basi, vumbi ikae. Kila siku nilifungua mulango kidogo, naangalia. Vumbi iko? Iko. Basi mutoto yuko njiani, atarudi. Na akirudi, nitafagia mi mwenyewe, yeye akisimama pale naona miguu yake."

"Na mimi nikakunyang'anya."

"Ukaninyang'anya! Na ukatupa kwenye pipa ya serikali!" Mama alicheka, kicheko chenye maji ndani yake, akajifuta na pindo la kitenge. Faida naye akacheka, akalia, akaweka kichwa begani kwa mama yake, na bega lilikuwa na harufu ya majani yaliyokatwa.

Kisha Mama akanyoosha mkono kwenye sahani. Akachukua tunda, akaligeuza, akalikwangua ule unga kwa kucha. "Hii inaoza?"

"Haijaoza, Mama. Ni sukari yake yenyewe, imetoka nje."

Mama aliuma kidogo kama anayeonja dawa. Akatafuna. Akauma tena. "Hm," alisema. "Inatoka kule kwako?"

Kule kwako! Faida alishika ngazi kwa mikono miwili asije akaruka.

Akasimulia. Jua likashuka polepole, nyenje wakapiga kelele kwenye miti ya barabarani, na yeye akasimulia. Kwamba mwisho wa kiangazi watu wa Sangju huanika pilipili nyekundu kandokando ya barabara, mkeka baada ya mkeka, kama vile Beni wanavyoanika kahawa, na magari huzipita kwa adabu. Kwamba soko lao halifunguki kila siku, linakuja siku ya tano, kisha siku ya tano tena, kama masoko ya milimani kwao. Kwamba ukimpa mtu mzima kitu, unashika mkono wako wa kulia kwa wa kushoto, vile vile kabisa Mama alivyomfundisha akiwa mdogo, na yeye akaacha alipofika Sydney kwa sababu wenzake shuleni walimcheka. Alipofanya hivyo mbele ya mwalimu mkuu wa Sangju, mzee wa watu alitabasamu hadi masikioni.

"Walikufundisha wao?"

"Hapana. Ulinifundisha wewe. Wao walinikumbusha."

Akamweleza habari za Haeun, na kizoleo, na siku ya mwisho wa mwaka ambapo yule mtoto asiyesema alimaliza kukinga takataka, akasimama, akasema kwa Kiingereza safi, "Mwalimu, umeacha kona ile."

Mama alicheka hadi akapiga paja. Kisha akawa makini. Swali lilikuwa linamjia kwa mbali, Faida aliliona likija.

"Kule iko vita?"

"Kaskazini kuna mpaka, na watu wanauogopa. Lakini Sangju watu wenye sare niliowaona ni vijana wa jeshi tu, wamekaa kituo cha basi wanakula aiskrimu."

"Aiskrimu."

"Ya maharage mekundu, Mama."

"Maharage ndani ya aiskrimu!" Hilo, ni wazi, lilimshangaza kuliko mpaka. Akachukua jani moja kutoka beseni, akalikunja, akalikunjua. "Na unalala kwa nani?"

"Kwa bibi mmoja mwenye nyumba. Nimezoea kumwita halmoni, bibi wa kwao. Ananiletea supu hata nikiwa nimeshiba. Siku ya kuja huku alinisindikiza mpaka kituo, akasimama kwenye theluji akipunga mpaka basi likapinda."

"Na ukishaondoka, anafagia?"

Faida alimtazama. Mama hakuwa anatania.

"Sijui, Mama. Anapenda usafi kama wewe."

Marie-Jeanne alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuta kasoro kwenye kazi ya mwenzake. "Umwambie asifagie," alisema. "Ukitoka kule kuja huku, asifagie chumba mpaka urudi. Na ukitoka huku kwenda kule, hapa sisi tutajua la kufanya. Umwambie vizuri, ni mutu mzima. Shika mukono."

Faida aliinamisha kichwa apokee kiganja, na ulimwengu wote wa uani, nyasi, beseni, nyenje, ukangoja. Lakini Mama akamgusa bega, akasema, "Si leo. Mutu anabarikiwa siku ya safari, na viatu miguuni. Leo saidia kuchambua mboga."

Siku yenyewe ilifika, anga jeupe kwa joto. Faida aliamka akasikia sauti iliyokuwa inamfuata hadi ndotoni: shh, shh, shh. Mama alikuwa chumbani, mkono wa kushoto mgongoni, anafagia. Alianzia kona ya mbali, akaja chini ya kitanda, akaja mlangoni, akifagia huku akiitazama miguu ya binti yake iliyosimama pale. Faida alichukua kizoleo, akachuchumaa mbele yake, akakinga. Palipobaki kona moja, Faida alikohoa kidogo.

"Nimeiona," Mama alisema. "Usinifundishe kazi."

Chumba kilipokwisha, Faida akavaa viatu, akapiga magoti sebuleni. Kiganja kikatua utosini, chote, kizito na chenye joto kama ile sakafu ya Sangju. Maombi ya Kinande yakapita juu yake, marefu, yenye jina la baba yake ndani. Halafu ile pumzi ndogo, ya kupoza chai. Nywele zikamsisimka hadi shingoni.

Mama alikuwa ameiomba kazi siku hiyo imsamehe. Alitoka nyumbani wa mwisho, akafunga mlango, akaja kwenye gari ameshika ufagio. Akafungua buti, akaulaza juu ya begi kubwa.

"Mama," Divine alisema, na kwa mshangao wa wote alisema kwa Kiswahili, "tunaenda uwanja wa ndege na ufagio?"

"Siwaamini nyinyi na ufagio," Mama alisema, akafunga mkanda.

Gari likarudi nyuma likapita lengalenga. Faida aligeuka akatazama dirisha la chumba chake, pazia limefunguka kidogo, jua linaingia. Humo ndani, alijua, hewa ilikuwa imetulia, na chembe ya kwanza ya vumbi, ndogo kiasi kwamba hakuna jicho la kuiona, ilikuwa inashuka polepole kwenye mwanga, inatafuta pa kukaa.